Tuitazame Mbingu kwa Macho Yetu

Hapo zamani mtu wa pwani, hata kama hakujaaliwa kujua kusoma na kuandika, aliweza kuisoma mbingu. Mkulima alikitazama Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na neno kulima, akajua wakati wa kutayarisha shamba umekaribia. Nahodha alizijua nyota za safari yake kama ajuavyo njia ya kwenda kwake. Siku za mwaka nazo zilihesabiwa kwa miongo, kumi baada ya kumi, tangu Nairuzi hata Nairuzi. Leo watoto wetu wamesoma kuliko babu zao. Walakini mtoe mmoja wao nje baada ya sala ya Isha, umwambie akuonyeshe Kilimia, utamwona anageuka huku na huku asijue aanzie wapi. Si kosa lake. Taa za mji zimezificha nyota, na hapana mtu aliyemshika mkono akamwonyesha.

Lakini neno nyota halikutoka vinywani mwetu. Limebaki, ila limehama mahali pake. Siku hizi twasikia: nyota ya fulani imefifia, nyota ya fulani imeibwa, njoo usafishiwe nyota. Matangazo ya namna hii yamebandikwa katika nguzo za umeme, na mengine yamo katika simu zetu. Kijana aliyekosa kazi, binti aliyechelewa kuolewa, mfanyabiashara ambaye duka lake halina wateja, wote hawa huambiwa kuwa shida yao iko juu angani, na kwamba yuko mtu wa kuishusha kwa malipo. Nyumba ngapi zimetoa fedha ya ada ya skuli kwa ajili ya kusafisha nyota ambayo mwenyewe hajapata kuonyeshwa?

Makala haya yanakusudia kutaja dawa moja nyepesi ya maradhi hayo, nayo ni chama cha watu wa mtaa mmoja wanaokutana usiku kuzitazama nyota zenyewe.

NYOTA ISIYOTAZAMWA

Kwanza yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo katika lugha yetu yamechanganyika kwa jina moja. Falaki ya kweli ni elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota; kwa hiyo twajua nyakati za sala, kibla na mwandamo wa mwezi. Falaki ya waaguzi ni jambo jingine kabisa. Mpiga falaki huchukua jina la mtu na jina la mama yake, akazigeuza herufi kuwa hesabu kwa abjadi, akazijumlisha, kisha akatoa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachosalia ndicho anachokiita nyota ya mtu huyo: Hamali, Thauri, Jauza na kuendelea. Angalia vyema, ndugu msomaji. Katika kazi yote hii hapana hata mara moja alipoinua macho kutazama juu. Uwe mchana wa jua kali au usiku wa mvua, hesabu hutoka ile ile.

Wale wa magazetini wanaopanga nyota kwa tarehe ya kuzaliwa hawana nafuu. Aliyezaliwa tarehe 1 Aprili huambiwa kuwa yeye ni wa Hamali. Atazamaye mbingu hujua kwamba siku hiyo jua huwa mbele ya nyota za Hutu, yaani Samaki. Sababu ni kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya watoto, mzunguko mmoja kwa kiasi cha miaka 26,000, na tarehe zile zilipangwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Mbingu imesogea, wao wamebaki pale pale.

Je, nyota yaweza kufifia? Naam, yaweza, na tumeiona. Katika kundi la Jabari iko nyota nyekundu ambayo Wazungu huiita Betelgeuse, nalo ni jina la Kiarabu lililoharibika, maana yake mkono wa Jauza. Mwishoni mwa mwaka 2019 nyota hii ilianza kufifia, na ilipofika Februari 2020 nuru yake ilikuwa imepungua hata mtu aliyezoea kuitazama aliweza kutambua bila ya chombo chochote. Watazamaji wa kujitolea wa nchi mbali mbali, watu wenye kazi zao za mchana, waliandika ukali wake usiku baada ya usiku. Wataalamu walipochunguza wakaona kuwa nyota yenyewe ilitoa wingu la vumbi likaipunguzia nuru. Baada ya miezi michache ikarudi katika hali yake. Hapana aliyeisafisha, wala hatukusikia kuwa mtu mmoja duniani alikosa riziki kwa sababu yake.

Na hili tumefundishwa tangu zamani. Alipofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa siku ile ile, na wataalamu wa hesabu za mbingu hulikadiria tukio hilo kuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema kuwa jua limepatwa kwa msiba huo. Mtume, hali msiba ulikuwa wake, hakuikubali kauli hiyo. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu au kwa uhai wake. Akawaamrisha kusali na kuomba. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, itakuwaje nyota ifungwe kwa ajili ya duka la mtu sokoni?

MAJINA YALIYOMO MBINGUNI

Kijana wa Kiislamu anapoingia katika elimu hii haingii nyumba ya wageni. Qurani ina sura ziitwazo An-Najm, Al-Buruj na At-Tariq, na nyota Shi'ra imetajwa kwa jina lake katika hiyo An-Najm. Shi'ra ndiyo nyota kali kuliko zote za usiku, nayo huwaka juu yetu jioni za Januari hata Aprili.

Mwanachuoni Abd al-Rahman al-Sufi, aliyezaliwa Rayy mwaka 903, alitunga kitabu cha nyota kiasi cha mwaka 964, akaandika mahali pa kila nyota, rangi yake na ukali wake, kwa kutazama mwenyewe wala si kwa kunakili tu ya waliotangulia. Ndani yake alitaja kiwingu kidogo katika kundi la Andromeda. Leo twajua kuwa kiwingu kile ni jamii ya nyota kwa mabilioni, na nuru yake husafiri miaka kiasi cha milioni 2.5 hata kutufikia. Kule Samarkand, Ulugh Beg, aliyekuwa mtawala na mwanahesabu pamoja, alisimamia orodha ya nyota zaidi ya 1,000 iliyokamilika mwaka 1437. Wala kazi hii haikuwa ya wanaume peke yao. Ibn al-Nadim katika Fihrist amemtaja al-Ijliyya, mwanamke fundi wa asturlabu katika mji wa Halab, zama za Sayf al-Dawla.

Ndiyo maana majina ya Kiarabu yamejaa katika ramani za nyota za Wazungu hata leo. Aldebaran ni al-Dabaran, mwenye kufuata, kwani hukifuata Kilimia. Rigel ni mguu. Deneb ni mkia. Fomalhaut ni kinywa cha samaki. Mtoto wa chuoni aliyekwisha kujifunza Kiarabu kidogo atayafahamu majina haya upesi kuliko mwanafunzi wa London.

Na sisi watu wa bahari tuna fungu letu. Ahmad ibn Majid, bingwa wa mabaharia wa karne ya 15, aliandika juu ya njia za Bahari ya Hindi, na miongoni mwa tungo zake iko moja ya safari za pwani hii ya kwetu hata Sofala. Chombo cha mabaharia hao kiliitwa kamali: kibao chenye uzi uliopigwa mafundo. Baharia aliuma uzi kwa meno, akakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota ya Jaa, iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya mbingu. Kisha akahesabu mafundo, akajua amefika wapi. Siri yake ni nyepesi: kimo cha nyota hiyo ni sawa na umbali wa mtu kutoka mstari wa istiwai. Ndiyo maana sisi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Kilwa, tulio kusini ya istiwai, hatuioni kabisa; na nahodha aliyetoka huku kwenda Maskati aliiona ikichomoza na kupanda kadiri alivyokwenda.

CHAMA HUFANYA NINI?

Watu wengine hudhani kuwa kutazama nyota ni kazi ya profesa mwenye darubini kubwa kama mzinga. Sivyo. Tarehe 23 Julai 1995, katika jangwa la Arizona kule Marekani, marafiki kadhaa walikutana usiku kutazama nyota kama ilivyokuwa desturi yao. Mmoja wao, Thomas Bopp, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, wala hakuwa na darubini yake mwenyewe. Ilipofika zamu yake ya kuchungulia katika darubini ya mwenziwe, aliona doa hafifu lisilokuwamo katika ramani. Usiku ule ule Alan Hale, mtaalamu aliyekuwa New Mexico, naye aliliona. Doa lile lilikuwa nyota yenye mkia, ikaitwa Hale-Bopp kwa majina yao wote wawili, na mwaka 1997 ulimwengu mzima uliitazama kwa macho matupu. Mtu asiye na chombo aliipata kwa sababu alikuwa na wenziwe. Hiyo ndiyo faida ya chama.

Hapa Afrika ya Mashariki pia wako waliotangulia. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwao. Kwa miaka mingi ameandika magazetini juu ya mbingu na kuwahimiza wananchi kuitazama. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016 na kubaki kama pete juu ya kusini ya Tanzania, watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoa wa Mbeya, wanafunzi kwa wazee. Chini ya miti, vijitundu vya majani viliangusha juu ya mchanga pete za nuru zisizo na idadi.

Mwenyezi Mungu ametujaalia jambo ambalo watu wa Ulaya hulitamani. Kwa kuwa tuko karibu na istiwai, karibu nyota zote za mbingu hupita juu yetu katika mwaka mmoja. Jioni ya mwezi wa Mei mtu wa Zanzibar huweza kusimama mahali pamoja akaona Dubu Mkubwa upande wa kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa pili. Januari na Februari Jabari husimama juu. Julai na Agosti ni zamu ya Akrabu, yaani nge, ambaye mkia wake uliopinda hata mtoto mdogo hautambua. Kilimia nacho hupotea katika mwanga wa jua mwezi wa Mei, kikarudi alfajiri katika Juni. Nao wahenga walisema, kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

HILALI NA USHAHIDI

Sasa tufike katika jambo linalogusa kila nyumba. Kila mwaka Ramadhani inapoingia na inapotoka, watu wa mtaa mmoja, pengine wa nyumba moja, hugombana kwa ajili ya mwezi. Makala haya hayaingii katika suala la mwandamo wa nchi na mwandamo wa ulimwengu. Hayo yana wanazuoni wake. Lakini wote wanakubali kwamba shahidi wa mwezi anatakiwa awe ameuona mwezi, na hapo ndipo penye haja ya macho yaliyofunzwa.

Mwezi hurudi katika hali yake kwa wastani wa siku 29 na nusu. Unapokutana na jua hauonekani. Baada ya hapo kila siku hujitenga na jua kwa kiasi cha nyuzi 12, na hukawia kuchwa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Ukiwa haujajitenga kwa nyuzi kama 7, hapana jicho liwezalo kuuona. Mtazamaji mashuhuri wa Marekani, Stephen James O'Meara, aliuona kwa macho matupu mwezi wa Mei 1990 ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32 tu, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa ajabu. Kwa hiyo mtu akisema ameuona mwezi wa saa 6, huenda ni mkweli wa nia, lakini alichokiona ni kitu kingine: ukingo wa wingu, mkuga wa ndege, au Zuhura inayong'aa magharibi.

Chama kinachoutazama mwezi kila mwezi, si Ramadhani peke yake, hujua maswali ya kumwuliza shahidi. Ulikuwa kulia au kushoto ya mahali jua lilipochwa? Ulikuwa na kimo cha vidole vingapi? Pembe zake zilielekea wapi? Pembe za hilali siku zote hulipa jua kisogo, na huku kwetu mara nyingi mwezi hulala kama dau. Aliyeuona kweli hujibu bila ya taabu. Kijana mmoja wa namna hii katika kila mtaa atapunguza ugomvi mwingi.

Kadhalika alfajiri. Vitabu vya fikihi hutufundisha kuwa ziko alfajiri mbili: ya uongo, ambayo husimama juu kama mkia wa mbwa-mwitu kisha giza likarudi, na ya kweli, ambayo hutanda kwa upana katika upeo. Watu wengi wameyasoma haya wala hawajayaona. Mwanga ule wa kwanza ni nuru ya jua inayopiga vumbi lililotawanyika baina ya sayari, na nchi za joto ndizo mahali pazuri pa kuuona. Nenda shamba, mbali na taa, usiku usio na mwezi, utaliona somo la chuoni likisimama mbele yako.

Hata mchana chama kina kazi. Tarehe 28 Mei na 16 Julai (katika miaka mirefu, 27 Mei na 15 Julai) jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba. Saa zetu na za Makka ni moja. Basi saa 6 na dakika 18 mchana katika siku ile ya Mei, na saa 6 na dakika 27 katika ile ya Julai, simamisha kijiti wima juani. Kivuli chake kitaelekea kinyume cha kibla kabisa. Watoto wa madrasa wakifanya hivi katika uwanja wa msikiti wao, watajifunza katika dakika moja jambo wasilolisahau maishani.

NAMNA YA KUANZA

Chama hakihitaji fedha nyingi. Watosha watu watano, mkeka, daftari na mahali pa giza: pwani, uwanja wa mpira, au juu ya dari ya nyumba. Msikae karibu na taa. Macho huhitaji kiasi cha nusu saa kuzoea giza. Tochi ifungeni kitambaa chekundu, kwani mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyokwisha kuzoea. Usiku wa kwanza jifunzeni kundi moja tu. Wiki ya pili jingine. Aandikwe katika daftari aliyekuja, hali ya mawingu na kilichoonekana.

Mkipata darubini ndogo ya macho mawili, Kilimia chenye nyota sita au saba kitafunguka kuwa nyota nyingi sana. Ishikilieni vyema, pengine kwa kuiegemeza ukutani, mtaona miezi ya Mushtara, ile minne aliyoiona Galileo mwezi wa Januari 1610, imejipanga mstari kando ya sayari, na kesho yake imebadili mahali. Mwezi msiutazame ukiwa mpevu, bali katika siku ya saba, hapo vivuli vya milima yake huwa virefu. Pete za Zohali zahitaji darubini ya mguu, lakini moja hutosha mtaa mzima.

Akina mama na mabinti wasiachwe nyuma. Nao wapangiwe siku na mahali pao penye stara na usalama, au familia nzima itoke pamoja. Caroline Herschel, aliyekuwa akimsaidia kaka yake nchini Uingereza, aligundua nyota zenye mkia kadhaa kuanzia mwaka 1786.

Onyo moja lisisahauliwe. Jua lisitazamwe kwa darubini wala kwa macho matupu, hata likiwa limepatwa. Miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei na kioo kilichofukizwa moshi havitoshi. Macho yakiungua hayarudi. Itumiwe miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au tazameni kivuli kipitacho katika tundu dogo la karatasi.

Tarehe 2 Agosti 2027 ndiyo siku iliyohesabiwa ya jua kupatwa lote juu ya Luxor, Jidda na Makka yenyewe, na pale Makka giza hilo ni la zaidi ya dakika 5, baada ya adhuhuri. Huku kwetu pwani ni sehemu tu ya jua itakayofunikwa. Mtaa usiokuwa na elimu utasikia siku hiyo kila aina ya uvumi, na waaguzi watapata wateja. Mtaa wenye chama utakuwa umekwisha kutangaza saa yake msikitini, watoto wana miwani yao mikononi, na safu za sala ya kupatwa kwa jua zimepangwa.